Vipande Thelathini

Kisu cha kukatia karatasi kilinila kidole
mwaka wa kwanza wa duka, shahada ya mkono wa kushoto.
Sikukilaumu. Kisu hukata kilichowekwa.
Tangu hapo nakunja kwa vidole tisa.

Steshenari yangu ipo Makole, mlango wa bluu.
Watu wa ofisini wakichapa vibaya, mimi hubakiwa na makombo:
meupe, ya waridi, ya kijani cha mafaili,
upande mmoja mtupu, upande wa pili
YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA
Nayakata mraba, inchi tatu kwa inchi tatu.
Kiangazi hunisaidia. Hewa ya Dodoma ni kavu,
karatasi hulia kri chini ya ukucha
na ikishakunjwa haisahau.
Januari, mvua ikija, hulegea kama chapati ya jana.

Aliyenifundisha ni Mbeleje, mtoto wa dada,
likizo yake yote alikaa kwenye kiti changu cha wateja.
"Kunja katikati, mjomba. Funua.
Kingo zije zikutane. Kona hii ishuke, ile ipande. Chomeka.
Umeona? Ndimi mbili, mifuko miwili."
Akaniambia samaki hukunjwa angali mbichi.
Nikamwambia wetu hutoka Mtera wamekwisha kukauka
na bado tunawala.

Kipande kimoja ukikiweka mezani, ni takataka iliyonyooka.
Lakini ulimi wa hiki kwenye mfuko wa kile,
na vitatu vikishikana huinua kilima;
vilima vitano vikizunguka nukta moja,
inama utazame juu yake: nyota.
Vilima ishirini, mpira mzima.
Hakuna gundi.

Cha kumi na saba nilikikunja kinyume,
sikio langu lilikuwa kwa mteja wa kudurufu vyeti.
Kwa macho ni pacha wa wenzake.
Nilikisukuma, nilikibembeleza,
kikachanika mfukoni.
Nikakata kingine.

Usiku wa Ijumaa nilikuwa na ishirini na tisa
na makombo yameisha.
Kwenye droo kulikuwa na hati,
nakala ya tatu, safi, haijaguswa:
mgawanyo wa shamba la zabibu la Hombolo
kati yangu na kaka yangu Ndahani.
Safu arobaini na moja aliziacha baba.
Jaribu wewe kuzigawa kwa mbili.
Safu ya katikati imetunyamazisha miaka sita.

Niliikata inchi tatu kwa inchi tatu.
Nikakunja. Kwenye uso wa kipande, mshazari,
ikabaki mistari ya nukta
pale ambapo angetia sahihi.

Cha thelathini hakiingii kwa nguvu.
Lazima uwalegeze waliokwisha kuketi,
huyu kidogo, yule kidogo,
mpira wote ukihema mikononi kama kuku aliyeshikwa,
ndipo kinapata pa kukaa.
Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya tano kilikaa.

Jumapili niliuweka ndani ya kofia ya pikipiki,
kofia nikaipakata, nikamwambia kijana aendeshe polepole.
Vumbi la njia ya Hombolo likanipaka hadi kwenye kope.
Ndahani alikuwa akipogoa, safu ya katikati, bila shaka.
Hakusema karibu. Alipangusa mikono kwenye suruali,
akaupokea, akaugeuza, akaugeuza tena.
"Gundi gani hii?"
"Haina."

Hakuamini. Ndivyo alivyo tangu utoto,
redio ya baba aliifungua ili amwone msomaji wa habari.
Akabana kipande kimoja kwa kucha zake za udongo, akavuta,
na vilima vyote ishirini vikamwagika
chini ya mizabibu.

Tulichuchumaa. Tuliokota.
Yeye alipuliza mchanga, mimi nikashika,
yeye akachomeka, mimi nikalegeza.
Jua lilikuwa limeshavuka kichwa, na kiunga cha maji
hakuna aliyekikumbuka kukifunga.
Mwishoni akabaki na kimoja kiganjani,
chenye mistari ya nukta.
Akakisoma. Akakigeuza upande mtupu.

"Hiki nacho," akauliza, "kinaingia wapi?"