Daftari la Hatari

Jumatatu, ghorofa ya pili, Tunguu.
Feni inazunguka kama mtu anayefikiria kukataa.
Nimechora ubaoni jedwali la safu nne:
jambo baya, uwezekano wake, athari, nani atalibeba.
Mradi wetu mdogo: tangi la maji ya mvua,
Skuli ya Bungi, lita elfu mbili,
wiki saba, shilingi laki tisa na risiti zake.

Ingvild alijaza ukurasa kabla sijaiweka chaki chini.
Saruji inaweza kuibwa. Mwalimu mkuu kuhamishwa.
Fundi anaweza kuugua. Fundi anaweza kufa.
Aliandika kufa
kama mtu anavyoandika chumvi
kwenye karatasi ya sokoni.

Shaame wa Kojani akaifunika kalamu yake.
"Mwalimu, maneno huumba.
Na fundi mwenyewe ni mjomba wangu."

Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka.

Masunga akasema kwa babu yake, Maswa,
zizi halihesabiwi kwa kidole.
Anzimati wa Moroni alitaka kwanza ajulikane
nani mkubwa katika kundi, ndipo tuanze kuogopa kwa utaratibu.
Na Lin, mwenye kamusi ya jalada la plastiki,
akainua mkono taratibu:
"Inshallah inaingia safu gani?
Uwezekano, au nani atalibeba?"

Miaka miwili nilisomea mambo haya mji wa baridi,
nikarudi na cheti chenye muhuri wa kung'aa,
wala hapakuwa na ukurasa uliosema
mjomba wa mtu atakaa ndani ya jedwali.

Nikafuta hatari, nikaandika tahadhari.
Shaame akatazama dirishani.
Ingvild akauliza, kwa upole, tusipoandika nani atakumbuka?
Nikamwona ana haki. Nikamwona na Shaame ana haki.
Kengele ikaniokoa.

Wiki ya nne, msiba Chwaka.
Si fundi, alhamdulillahi;
mama yake mwenye gari la mchanga.
Chati yangu ya ukutani, vipande vya karatasi za rangi
vilivyopangwa kama nguo kambani,
haikuwa na kipande cha khitma.
Siku tatu mchanga haukuja.
Ingvild alikwenda na penseli kuulizia ucheleweshaji,
akarudi magharibi, mikono inanuka vitunguu.
Gunia zima, alisema, na wanawake hawakumuuliza jina
mpaka gunia lilipokwisha.
Akavisogeza vipande vyote siku tatu mbele.
Mahali pa sababu hakuandika kitu.

Asubuhi ya kufunga mifereji nilifika mapema
nikamkuta Shaame juu ya paa la skuli,
anamfunga mjomba wake kiunoni
kamba mpya ya nailoni, rangi ya buluu.
Fundo la kwanza. La pili. Akalivuta.
Akaongeza la tatu.
"Hiyo kamba haimo kwenye bajeti," nikamwambia kutoka chini.
"Haimo, Mwalimu."
Mjomba akacheka, akashika nyundo.

Risiti za mradi ule ninazo bado, ndani ya bahasha:
laki nane, elfu tisini na sita, na mia tano.
Mvua ya kwanza tangi lilijaa hadi likamwagika,
watoto wakaosha miguu.

Zoezi la daftari, Shaame alirudisha karatasi tupu.
Nilimpa sifuri kati ya kumi,
na alama zilikuwa zimeshafika kwa mrajisi.