Kikulacho

Vikopo vitatu nimepeleka maabara mwaka huu,
vyote vimerudi na neno lilelile: hakuna.
Minyoo hakuna. Amiba hakuna. Taifodi hakuna.
Na tumbo, lisilojua kusoma majibu,
linanguruma kama lori la zabibu
lililozama mchangani, njia ya Hombolo.

Nimemeza vidonge vya amiba nisiyokuwa nayo.
Nimekunywa mwarobaini hadi jasho likawa chungu.
Shemeji Manyanya akasema ni jicho la mtu kazini;
nikamtafuta huyo mtu, wiki nzima,
nikakuta kila mmoja anavimbiwa na yake.

Ndipo tabibu Sechelela, miwani imefungwa uzi,
akakataa kuandika dawa.
"Si unatunza stoo?" Akanionyesha tumbo kwa kalamu.
"Basi itunze na hii."

Nikanunua daftari.
Kilichoingia, saa ngapi.
Kilichoasi, saa ngapi.

Nikafuta maharage. Tumbo likacheka.
Nikafuta chapati, nikafuta karanga za Kibaigwa,
mkanda ukahamia tundu la ndani
na lori bado linanguruma.
Mlenda niliushuku kwa utelezi wake tu,
nikauonea;
nimekwisha uomba radhi, kwa ugali wa uwele, matonge manne.

Lakini tazama: kila Jumapili wino ni mwingi.
Jumatatu pia. Jumatano, kimya.
Nani huja Jumamosi?

Jumamosi huja basi la Bahi,
na kibuyu cha mama, mdomo umefungwa kitambaa,
maziwa ya asubuhi hiyohiyo
yenye moshi wa jiko nililozaliwa kando yake.

Jumamosi mbili nikawapa watoto wa jirani.
Siku kumi na nne, daftari jeupe.
Kisha, kama nilivyoagizwa, glasi moja ya jaribio,
stoo imefungwa, ufunguo wa choo mfukoni.
Saa tatu na robo nikanywa.
Saa nne na dakika ishirini
sikuwa na nafasi ya kuandika.

Wahenga walisema nguoni.
Changu kilikuwa kibuyuni.

Sasa mimi, Mgogo, mtoto wa zizi,
niliyefundishwa kukama kabla ya kuhesabu,
namwanzaje mama?

Nilipanda basi hadi Chipanga.
Nilisema nikiangalia viatu vyangu.
Mama akafunika sufuria, polepole,
akakaa na mfuniko mkononi kana kwamba umesahau kazi yake.

"Marehemu baba yako," akasema,
"alikuwa akitoka nje na kata yake kila jioni,
eti anakwenda kuhesabu ndama.
Miaka thelathini.
Ndama wenyewe sita."

Akatazama nje, kule zizini.

"Na mbwa wetu aling'aa manyoya,
mbwa wa Chipanga nzima hakuna mfano wake.
Nilidhani ni dawa ya kupe."