Kitalu cha Isevya

Oktoba. Mvua bado iko njiani,
labda imekwama Kaliua ikisubiri behewa.
Miombo kule Uyui imeshavaa majani mekundu
bila tone hata moja, kwa imani tu.
Nami nimekata chupa za maji arobaini na moja,
nikazitoboa vitako kwa msumari wa moto,
nikazishindilia udongo wa kichuguu na samadi ya mbuzi.

Mbegu ninazo. Zinia kwenye kiberiti.
Alizeti kwenye soksi ya marehemu,
ile iliyobaki bila mwenzake.
Na nyingine sizijui jina, nimezipukusa kando ya reli
kwa kuwa juu ya ua lake nilimwona
kipepeo wa rangi ya chungwa, anaondoka, anarudi,
kama mtu aliyesahau kuaga.

Nyanzobe akachungulia uani.
"Mchicha?" Hapana. "Nyanya, basi?"
Nikamwambia, bustani ya vipepeo.
Akanyamaza kwa adabu, kama aliyepewa habari za ugonjwa.
"Wanaliwa?"
"Hawaliwi. Wao ndio walaji."

Mkono huu ulifundwa Urambo, kitaluni kwa baba.
Mbegu ya tumbaku ni vumbi tupu:
unaikoroga na maji kwenye keni, unanyunyiza,
unafunika nyasi, unaomba Mungu.
Kazi yangu ya pili ilikuwa kuokota viwavi.
Kopo moja, sumni moja.
Baba alinisifu mbele ya wageni:
"Huyu Mwashi, kiwavi akimwona anajifia."
Nikanunua daftari, nikanunua ubuyu,
vidole vikanuka ukijani mpaka Krismasi.
Kama ni nondo niliowaua, kama ni vipepeo, sikuuliza.
Hata ningeambiwa kopo limejaa mabawa,
sumni ni sumni.

Mjukuu wangu Kalunde amechora ramani
nyuma ya kalenda ya chama cha msingi:
zinia ukutani, alizeti karibu na choo,
sahani ya matope wafyonze chumvi.
Na mlango.
"Mlango wa nini? Hawa si wanapita juu?"
"Wa wale wanaotembea, bibi."

Juma la pili, chupa kumi na mbili zimechipua.
Tisa kazimaliza kuku. Nyingine kimya.
Mawingu yanakuja, yanasalimia, yanapita.

Jana jioni Nyanzobe kaja na mche wa ndimu
ndani ya kopo la rangi, majani yamejaa matundu.
"Nilitaka kuutupa, umeshaliwa huu.
Nikakukumbuka wewe na mambo yako."

Nimevaa miwani. Nimeligeuza jani.
Kitu kidogo, cheusi na cheupe, kama kinyesi cha ndege,
kikainua kichwa.

Vidole vikasogea vyenyewe.
Nikavirudisha mfukoni.