Kioo Juu ya Ufa

Nyumba haianguki usiku mmoja,
alituambia mhandisi Khavere wiki ya kwanza.
Huanguka kwanza daftarini,
pale mtu alipoandika saba, mwenzake akasoma moja.
Tukacheka. Tukaandika.

Nilipanga chumba Nyamasaria,
kikokotoo nikiazima kwa Wafula
aliyekuja kukidai kila saa nne usiku
kama mzazi aliyeacha mtoto kwa jirani.
Tulifundishwa kuchora chati ya kazi:
msingi, kuta, paa, lipu,
na mstari mwekundu uzipitie zile kazi
zisizokubali kuchelewa hata siku moja.
Usiku mmoja, kwa mchezo tu, nikachora ya kwetu:
mvua ya Machi, mpunga wa mama,
bei ya gunia Ahero, karo, mtihani, mimi.
Mstari ukapita kote.
Sikuona pa kuvutia pumzi.

Baba ni fundi. Obunga wa Timazi,
ndivyo anavyojulikana hadi Awasi.
Mchanga huufinya kiganjani, akaufungua mkono,
akasoma doa lililobaki:
huu una tope, rudisha lori.
Maabara sisi tulilijaza zege kwenye koni ya chuma,
tukaiinua koni, tukapima kwa rula limeporomoka kiasi gani.
Yeye huligusa kwa ncha ya gambuti.
Sijamwona akiandika ila kwa penseli ya seremala,
ukutani, majina ya wanaomdai na wanaodaiwa naye,
kisha hupaka rangi juu yake
deni likiisha, au mdai akifa.

Nyumba yetu aliijenga mwenyewe
juu ya ule udongo mweusi wa Kano,
unaopasuka Februari ukameza sarafu,
na Aprili ukavimba kama unga wa mandazi.
Ufa ulianzia pembe ya dirisha.
Mama aliuficha kwa kalenda ya ushirika wa wakulima,
na kila mwaka kalenda ikazidi kuwa fupi.

Desemba nilirudi na kipande cha kioo,
chembamba, cha fremu ya picha iliyovunjika.
Nikakigandisha kwa plasta, huku na huku ya ufa,
nikaandika tarehe kwa penseli yake.
Baba alisimama mlangoni na kikombe cha uji.
"Huko chuoni methali hazifiki?
Usipoziba ufa..."
Nikamwambia, upo ufa wa kuziba, baba,
na upo wa kuuliza kwanza kama bado unatembea.
Kioo kikikatika, nyumba inatembea.
Akanywa uji wake wote.
"Mimi niliijenga ikae," akasema.

Sikutaka kushinda.
Januari yote, Februari yote,
nilikaa mihadhara ya makadirio ya gharama
nikikiombea kipande cha kioo.

Simu ikaja Aprili, mvua ikipiga bati,
hakusalimu.
"Kimekatika."
Nyuma yake nilimsikia mama akisogeza sufuria.
"Sasa kitabu chako kinasemaje?"

Kitabu kinasema: shikilia msingi kwa vipande,
mita moja leo, nyingine wiki ijayo,
shuka hadi ardhi isiyobadilika na msimu.
Kitabu hakisemi nani atalipa.
Nilijua bei ya saruji, ya nondo, ya kibarua wa siku,
nilijua pia karo ya miaka miwili iliyobaki,
na ya kwamba vyote vinatoka gunia moja.
Nikasema, chimba kwanza shimo pembeni,
nione udongo unageuka rangi wapi.

"Nimeshachimba," akasema. "Tangu jana.
Nimefika kifuani.
Bado mweusi."

Nikafungua daftari.
Kikokotoo kilikuwa kwa Wafula.
Nikatafuta penseli, karatasi nisione,
nikaanza kuandika ukutani.