Sindano ya Kuuliza

"Si dawa hii," alisema daktari pale Nizwa,
"ni swali. Nalichoma kwenye neva moja,
tusikie kama ndiyo inayolalama."

Kwa Kiarabu nilisema tu: naumwa goti.
Kiswahili kikabaki mdomoni na yake:
linakeketa, linavuta, linafukuta usiku.

Saa tano, kimya.
Nikapanda ngazi za nyumba bila kuzihesabu.
Adhuhuri nikasujudu chini;
kiti changu cha plastiki kikabaki ukutani, mgeni.

Kwenye karatasi yao niliandika: sifuri, sifuri,
alasiri mbili.
Magharibi namimina kahawa, hodi!
Saba.

"Mama, waumwa halafu wacheka?" akauliza Zuweina.

Nacheka, mwanangu. Miaka minane ananiibia huyu;
leo nimeuona mlango anaoingilia.