Tofali Lililokosekana

Chumba nilichopewa Ibra hakina dari.
Hatua tisa kwa sita, nimepima kwa makubadhi yangu,
na pembeni mtende umeota bila kuomba ruhusa.
Bi Thuraya wa maonyesho ameniachia karatasi:
Wewe ni nani, unatumia nini, kwa nini hapa.
Maneno yasizidi themanini.

Nikafungua daftari.

Wazo la kwanza: vioo.
Nimelifuta. Kila anayejitafuta huanza na kioo,
akaishia kutengeneza ushungi.

La pili: kanga, ukuta mzima wa kanga.
Shangazi Ghaniya alicheka simuni mpaka akapaliwa:
"Hizo tunajifunga tukipika, mwanangu.
Sasa utatuanika?"

La tatu: mbuzi za nazi arubaini, meno juu, safu kwa safu,
na mbele yao makopo ya tui ya dukani Al-Khoud.
Hili nililipenda siku tatu.
Ya nne nikaona ni mzaha,
na mzaha hauhitaji kukodiwa chumba.

Nikakaa chini, mgongo ukutani.
Ukuta ukaniachia vumbi begani, na ubua mmoja.
Nyumba kama hii babu wa babu yangu aliijenga
kwa pesa ya karafuu
ambazo hakuzichuma yeye.

Mwacha asili ni mtumwa:
nimeirithi nzima methali hii, kama sahani ya ukutani.
Sikuwahi kuuliza huyo mtumwa wa methali alikuwa nani,
na asili yake
nani aliyemwachisha.

Hilo halikuingia katika maneno themanini.

Rafiqul, fundi wa kuta, mtu wa Silheti,
alikuwa akikanyaga tope kwa miguu mitupu,
maji ya falaji, makapi ya ngano, tena maji.
Yeye aliliita mati. Msimamizi aliliita tini. Mimi, udongo.
Tope halikugeuka kumwitikia yeyote.

Udongo uwahi ungali maji. Nikavua makubadhi.

Basi wazo la nne:
ukuta mmoja katikati ya chumba, usiobeba kitu,
matofali mia tatu na kumi na mawili ya udongo wa Ibra,
na moja, moja tu, jekundu, la udongo wa Donge.

Kaka Mundhir aliubeba ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Uwanja wa ndege wa Maskati wakamfungulisha.
Afisa mwenyewe Kiswahili kinamtiririka:
"Hiki nini?"
"Udongo."
"Wa dawa?"
"Wa dada."
Akacheka, akaandika fomu, akachukua kopo.
Udongo hauingii nchini bila cheti, alisema,
na sauti yake, kaka ananiambia,
ilikuwa ya mtu wa Donge hasa.

Tulijenga hivyo hivyo.
Kila Rafiqul alipofika mahali pale
nilimwambia, ruka.
Pakabaki tundu, upana wa tofali moja,
usawa wa kifua changu, usawa wa kidevu chake.
Saa nne asubuhi jua hupita humo
likaangukia sakafuni, pembe nne, jeupe,
likatambaa hadi kwenye mtende, likapotea.
Nilichora. Nikafuta. Nikachora tena.
Nilitaka kuandika chini yake jina la mtu
kisha nikakumbuka sina hata jina moja
la waliochuma.

Bi Thuraya alikuja Jumatano, ametoka soko la wanawake,
mkononi mfuko wa vitunguu.
Alizunguka ukuta mara mbili.
"Haujakwisha?" akauliza.
Nikatazama tundu ili nimjibu.

Rafiqul alikuwa ameweka humo kikombe chake cha chai,
cha karatasi, kimeng'atwa ukingoni,
bado kinatoa moshi.
Alinyosha mkono kukitoa, uso umemshuka.

Nikasema, kiache.
Kisha nikamuuliza jina la kijiji chao,
na herufi zake, moja moja,
naye akaniandikia ukutani kwa kidole,
tope lingali bichi.