Pembe Nne

Dakika kumi tu, alisema Muhenna, njia ya mkato,
na saa nne asubuhi gari limekaa kitako
kama mama mzito aliyegoma kunyanyuka,
magurudumu yamemezwa hadi kwenye ekseli.
Simu zote zina chaji. Mtandao ndio hakuna.

Tulipiga honi mara tatu, tukanyamaza, mara tatu tena,
mpaka betri ikatoa sauti ya mtu anayekohoa usingizini.
Muhenna akataka kwenda kwa miguu. Bidiya ni pale.
Pale wapi? akasema shangazi Zeyana.
Gari huonekana. Wewe utakuwa punje.
Kaa kivulini, piga funda moja, funga mdomo.

Akang'oa kioo cha pembeni kwa bisibisi,
akanikunjua vidole viwili: mwanga upite hapa kati,
tikisa kidogo kidogo, kama unapepeta mchele.
Nikamulika mashariki, nikamulika kusini,
nikamulika mpaka mkono ukawa si wangu.
Tukachoma tairi la akiba. Moshi ukapanda mweusi,
upepo ukaulaza kama nywele zilizotiwa mafuta.

Saa nane, maji nusu chupa,
shangazi akafungua begi la harusi.
Nilijua kilichomo. Kanga, doti haijakatwa,
aliyoiagiza Unguja kwa ajili ya macho ya mtu mmoja:
dada yake, yaani mama yangu.
Miaka sita hawajapeana hata mkono wa Idi.
Alikusudia ajitande, apite mbele yake mara mbili, asomeke:
MIMI SIKUITI, UKITAKA NJOO.

Akaitandaza juu ya tuta, nyekundu, pindo jeusi,
akaikandamiza kwa viatu vyetu na birika la kahawa.
Hakuna aliyesema kitu.
Maneno yakalala chali, yakiitazama mbingu.

Aliyekuja ni Mzuna, mwanamke wa Kibedui,
barakoa usoni, usukani mkononi, mbuzi watatu nyuma ya pikapu.
Moshi niliuona, alisema, nikadhani mnachoma taka.
Mng'ao niliuona, nikadhani chupa.
Lakini mchanga hauna pembe nne.
Mimi nimezaliwa humu. Mchanga hauna pembe nne.

Akainama, akapitisha kidole juu ya herufi. Wameandika nini?
Shangazi akasafisha koo.
Wameandika karibu, akamjibu kwa Kiarabu,
nami nikatazama kucha zangu.

Kwa Mzuna, penye mghafu mmoja uliopinda,
mtandao ulisimama mstari mmoja, ukaanguka, ukasimama.
Shangazi akaazima simu ya mwenyeji.
Namba hakuniuliza, ile aliyoapa kwamba ameisahau.
Ikaita. Ikapokelewa. Yeye kimya,
pumzi tu, na mchanga kwenye meno.
Na mimi, hatua tatu pembeni, nikaisikia sauti ya mama,
nyembamba, inakatika:

Halo? Nani mwenzangu?
Sema basi.
Uko wapi?